Mlima Ulionyimwa Mvua

Zefania alifika getini pa kituo jua likiwa limekaza, amevaa koti la marehemu baba yake na miguuni hana kitu. Askari wa zamu hakuhitaji kumuuliza anatoka wapi. Watu wa kijiji cha Lukwami walijulikana kwa midomo iliyopasuka. Akampigia simu Damari, aliyekuwa ndani kwenye chumba cha mitambo.

"Kuna mdogo wako hapa, mama. Nimfukuze au nimsikilize?"

"Naja mwenyewe."

Damari akatoka, macho yakimuuma kwa kukodolea vioo vya mitambo. Juu ya kichwa chake vibofu vyeupe vya Pazia, maputo makubwa ya gesi, vilielea vimefungwa kwa nyaya ndefu, kimoja baada ya kingine, kuanzia kaskazini hadi kusini kadiri jicho lilivyoweza kuufuata mgongo wa milima ya Ukaguru. Mawingu kutoka baharini yalikuwa yanapita kati ya nyaya hizo, meusi, yamejaa maji tele, wala hayakudondosha hata tone. Yalivuka mlima yakaenda zake nyikani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama hajambo?"

Zefania alitoa kibuyu kwapani, akakiinamisha juu ya kiganja chake. Kilichotoka kilikuwa tope jekundu, zito kama uji wa mgonjwa.

"Hiki ndicho anachokunywa mama yako. Tunakichuja kwa kanga, tunakiacha kitulie, kisha anakunywa. Jana kakitapika, akakinywa tena."

"Zefa, nimewatumia gari mara ngapi? Nyumba zipo kule chini. Bomba lipo uani. Watu wa Lufiri wameshuka, vijiji vyote vya jirani vimeshuka, ninyi tu..."

"Mama hashuki."

"Mbebe basi!"

"Nilimbeba." Akapandisha mkono wa koti. Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na alama za meno, zimeanza kutunga usaha. "Nilifika naye mpaka kwenye daraja la kamba, akaning'ata. Akasema nikimvusha atajirusha. Anauliza, yeye akishuka, nani atakaa na makaburi?"

Damari akayatazama meno ya mama yake kwenye nyama ya mdogo wake. Akajisikia kucheka na kulia kwa pamoja, asifanye hata kimoja.

"Nataka mvua moja," Zefania akasema. "Sikuombi masika. Mvua moja tu ya kujaza lambo. Wewe ndiye unayeshika huo mtambo."

"Siushiki kwa ajili yangu. Kila wingu unaloliona hapo lina watu wake wanaolisubiri. Sheria inasema maji yafuate watu walipo wengi. Lukwami mmebaki kaya arobaini."

"Tulikuwa wengi mpaka mlipotunyima mvua."

Damari aliingia ndani, akatoka na dumu la maji ya kituo, akaliweka miguuni pa mdogo wake. Zefania akalitazama kwa muda mrefu, koo lake likipanda na kushuka.

"Nikapande nalo? Nianze kumpa nani, nimnyime nani? Unataka kunigombanisha na watu, dada." Akageuka. "Kaa nalo."

Aliondoka bila kuaga. Askari alisubiri kidogo kwa adabu, kisha akalivuta lile dumu kivulini kwake.

*

Mkuu wa kituo aliitwa Ndahani, Mgogo wa makamo aliyeongea polepole kama mtu anayehesabu mbegu. Alikuwa ameyaona yote kutoka dirishani. Damari alipoingia, alimwita waende pamoja kwenye ukumbi wa magharibi, mahali ambapo mtu aliweza kuiona nyika yote kwa mara moja.

Chini yao lilikuwa jiji. Halikuwa na ghorofa ndefu, bali lilitandaa tu, mabati juu ya mabati, mashamba ya mahindi katikati ya mitaa, mpaka macho yakachoka kulifuata. Bahari ilipoimeza miji ya pwani, watu walifuata reli kuelekea bara, na hawakusimama mpaka walipoipata ardhi tambarare. Mlimani kulikuwa na maji, lakini mlima haujengeki. Utaweka wapi mamilioni ya watu kwenye mteremko? Tambarare ilijengeka, ila haikuwa na mvua. Upepo wa baharini ukiupiga mlima hupanda, ukipanda hupoa, ukipoa hukamuka maji yake yote upande ule ule wa mashariki. Unapovuka mgongo na kuteremka nyikani, umebaki upepo mtupu. Ndivyo ilivyokuwa tangu milima iwe milima.

Ndipo likatengenezwa Pazia. Tone la mvua ni vitone vingi vya ukungu vilivyoshikana. Nyaya za Pazia zilitia umeme mdogo ndani ya wingu, vitone vikawa vinasukumana badala ya kushikana, wingu likavuka mlima na mzigo wake. Kule nyikani safu nyingine ya vibofu iliuondoa ule umeme. Hapo mvua ikanyesha juu ya watu.

"Unaona huruma," Ndahani akasema.

"Ni mama yangu, bosi."

"Najua. Na mimi nilikuwa na mama." Akaegemea ukuta. "Mwaka wa njaa, kabla ya haya yote, mama yangu alipanda huu mlima na mbuzi wake wa mwisho, abadilishane na mahindi. Alitoka kule, unakoona mnara wa simu. Wadogo zangu wawili walikuwa hawasimami tena. Huku juu mahindi yalikuwa yanaozea shambani kwa mvua. Unajua wazee wenu walifanya nini? Walimchukua mbuzi, wakamfukuza mama kwa mbwa."

Ndahani akautazama ule mnara.

"Aliporudi, mmoja alikuwa bado anapumua. Sisemi haya ili ujisikie vibaya. Nasema mlima wenu ulitunyang'anya mvua tangu dunia iumbwe, na hakuna aliyeuita wizi. Waliuita neema." Akatabasamu kidogo. "Sasa wanaona upande wa kivuli, usiofikiwa na mvua, ulivyo."

Waliporudi ndani, Damari aliona tena kwamba vipima-udongo vya mteremko wa Lukwami, vile vyuma vilivyochimbiwa ardhini kuangalia kama mlima unasogea, havikuonyesha kitu kwenye kioo chake. Alikuwa ameshauliza siku za nyuma. Akauliza tena.

"Betri zimekufa," Ndahani akajibu. "Fundi atakuja. Sikiliza, kesho nina kikao mjini. Mwenzako nimempa ruhusa, mkewe ana uchungu wa kuzaa. Utabaki peke yako."

"Sheria inataka tuwe wawili."

"Sheria naijua. Nawe nakuamini."

*

Asubuhi yake Damari alikaa mbele ya mitambo, akajiapia mara kadhaa kwamba hatafanya lolote. Alikunywa chai. Akasikiliza taarifa za nyikani: visima vya akiba vimejaa, mahindi yamefika magotini, mitaa ya kusini inalalamika kwa tope. Wanalalamika kwa tope, akawaza. Na mama yake anachuja tope kwa kanga.

Mchana likaja wingu kubwa, moja kati ya yale yanayokuja mara chache kwa msimu. Lilikuwa limekaa chini kiasi kwamba vibofu vilipotelea ndani yake. Damari akapiga mahesabu. Nyikani hawangelikosa sana. Angeshusha kipande cha Pazia kilicho juu ya Lukwami tu, vibofu vichache, kama vile vinavyoshushwa kwa matengenezo. Mvua ingenyesha kwa muda wa kuchemsha maharage. Lambo lingejaa. Kisha angevipandisha, aandike hitilafu, mambo yaishe.

Hakuna aliyemwona akibonyeza. Winchi zikanguruma, vibofu vikashuka na nyaya zake vikaingia mabandani. Kwa muda hakikutokea kitu, na moyo wake ulianza kutulia, hata akajiambia kuwa labda Mungu amemnyima, na ni heri. Halafu akasikia sauti aliyokuwa hajaisikia kwa miaka tisa upande huu wa mlima. Bati la kituo lilipigwa mara moja, kama mtu ametupa kijiwe. Likapigwa tena. Kisha likapigwa lote.

Damari akatoka nje bila viatu. Maji yalimpiga usoni, baridi, mazito. Harufu ya udongo uliolowa ilipanda kutoka bondeni. Na chini kabisa, kutoka Lukwami, akasikia vigelegele. Vilikuwa vya wanawake, vikipanda kwa zamu, nyumba baada ya nyumba. Alijua kimoja kati ya vile kilikuwa cha mama yake. Alisimama uani na mikono ameinua, akilia kwa sauti kama mtoto, na katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Muda ulipotimia alirudi ndani kupandisha. Winchi zikazunguka, vibofu vikapanda hadi usawa wa paa, vikakwama. Mvua ilikuwa imeingia mabandani kupitia mapaa yaliyopasuka kwa miaka ya ukame. Nyaya zililowa, na waya uliolowa humwaga umeme wote ardhini. Damari akajaribu tena. Akazima, akawasha. Akakimbia bandani na kuanza kuzikausha nyaya kwa gauni lake. Mvua haikunyesha tena kama mvua. Mlima ulikuwa umelishika lile wingu na kulikamua, na mlima hauna nusu.

Vigelegele vilinyamaza. Alidhani watu wamekwenda kujikinga.

Misitu ya Lukwami ilikuwa imekufa siku nyingi. Miti ilisimama bado, lakini ilikuwa kuni, na mizizi iliyokuwa imeshika udongo ilikuwa imeshakuwa vumbi. Udongo ulikuwa umepasuka nyufa za kumeza mguu wa mtu, na maji yakaingia kwenye nyufa mpaka kwenye mwamba. Damari alisikia mngurumo. Uliendelea, ukakua, sakafu ya banda ikatetemeka chini ya nyayo zake. Alipofika ukingoni, ukungu ulifunguka kidogo, akaona mteremko wote wa Lukwami unatembea. Ulikwenda taratibu, na miti yake imesimama wima, na paa la kanisa juu yake, kama vyombo juu ya kitambaa cha meza kinachovutwa. Kisha ukaharakisha.

*

Walichimba kwa siku kadhaa. Zefania alipona kwa sababu mvua ilipoanza alikimbilia juu kuzibua mfereji wa zamani wa lambo, akiimba, ameshika jembe. Waliopona pamoja naye walikuwa wachache, wengi wao watoto waliokuwa wamepanda kuchezea maji kwenye miamba.

Mama yao alipatikana uani kwake. Alikuwa ametoa kila chombo cha nyumba akakitega nje: masufuria, beseni, chungu, hata kikombe cha chai. Tope lilivifunika vyote pamoja naye. Zefania alimfuta uso kwa mikono, akamwambia Damari amshike miguu, wakambeba. Hakumuuliza dada yake neno lolote.

Ndahani alikuja na malori. Alivaa buti, akachimba pamoja na watu, akabeba maiti. Siku ya mwisho alimfuata Damari alipokuwa ananawa kwenye dimbwi.

"Ni mimi, bosi," Damari akasema kabla hajaulizwa. "Nilishusha."

"Najua. Mtambo unatunza kumbukumbu." Akachuchumaa karibu naye, naye akanawa. "Nimeshazifuta."

Damari akamtazama.

"Vipima-udongo havikufa," Ndahani akaendelea, kwa sauti ile ile ya polepole. "Nilivizima kwenye kioo chako. Mteremko ule ulikuwa unasubiri mvua moja tu. Tumewabembeleza watu hawa waondoke, tumewatumia magari, tumewakatia barabara. Hawatoki. Na Mamlaka ya Mvua haiwezi kuua watu, si ndiyo? Lakini binti yao akiwaonea huruma..." Akakung'uta maji mikononi. "Nilikuachia mlango wazi, basi. Aliyepita ni wewe. Ungekuwa mgumu kama nilivyokufundisha, wangekuwa hai leo, na kiu yao."

"Watoto, bosi. Kulikuwa na watoto."

"Hata mmoja wa wadogo zangu alikuwa mtoto. Wa pili pia."

*

Waliopona walipelekwa nyikani, wakapewa nyumba za bati kwenye mtaa mpya ambapo ardhi ilikuwa bapa kiasi kwamba watoto walianguka wakitembea, miguu yao ikitafuta mteremko. Baada ya maziko ukaitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule. Watu wa mlimani walikaa mbele. Nyuma yao walijaa watu wa jiji, maana habari ilikuwa imeenea, na hata wao walitaka kujua kama Mamlaka inaweza kumwangushia mtu mlima.

Zefania ndiye aliyesimama kwa niaba ya wenzake.

"Miaka tisa hakuna hata tone," akasema. "Tulipokataa gari la mwisho, ndipo ikaja mvua ya kutuua. Sisi si wajinga. Tunataka mtu aliyefungua mvua asimame hapa na atajwe. Tunataka mlima wetu, tuurudishie miti."

Ndahani akasimama kwa heshima, kofia mkononi. Akatoa pole kwa wafiwa. Akasema nyaya zilipata hitilafu ambayo bado inachunguzwa. Kisha akamwonyesha Damari aliyekaa kando. "Na ili muone hatuna ubaya nanyi, kuanzia leo usimamizi wa kituo chote tumemkabidhi binti yenu mwenyewe, Ndugu Damari. Mvua yenu na yetu iko mikononi mwake."

Damari hakuwa ameambiwa. Watu wake waligeuka wakamtazama. Akasimama.

"Ni mimi niliyefungua. Hapakuwa na hitilafu. Nilimwonea huruma mama, nikashusha Pazia. Na huyu," akamwonyesha Ndahani, "alijua udongo hautashika. Aliniachia makusudi."

Ndahani aliinamisha kichwa, akakitikisa kwa masikitiko, kama mtu anayemsikitikia mgonjwa.

"Wamekupa nini, dada?" Zefania akauliza. Aliuliza taratibu, karibu kwa upole.

"Hawajanipa kitu. Nasema kweli, Zefa."

"Wamekupa kituo. Tumesikia sote sasa hivi. Unasimama kubeba kosa lao ili tusiwadai wao, tukudai wewe. Tutakudai nini wewe, mtoto wa mama yangu?"

"Zefa, nilishusha mimi!"

"Wewe?" Sauti yake ikapasuka. "Nilikuja kwako kwa miguu. Nilikuomba mvua moja nikiwa nimesimama mbele yako, na mama yako anatapika tope, ukanisomea sheria. Wewe ufungue mvua? Kwa huruma ipi? Ungekuwa na huruma hiyo ungeitoa siku ile."

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Wengine wakamfuata. Damari aliendelea kuongea, akataja vibofu, akataja winchi, nyaya, vipima-udongo, lakini kila alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kusikika kama mtu aliyefundishwa la kusema. Mwishowe watu wa mlimani walisimama wakaondoka uwanjani, na yeye akabaki anaongea na viti vyao vitupu.

*

Siku ya kuanua matanga Damari alikwenda kwa mdogo wake bila kualikwa. Alijifunga kanga nyeusi, akabeba unga kichwani kama ilivyo desturi. Wanawake walikuwa wameketi uani juu ya mikeka, vichwa vimenyolewa, na mvua ya saa yake ilikuwa imetoka kunyesha. Nyikani mvua ilinyesha kwa ratiba. Walimwona, wakaacha kuimba.

Shangazi yake, Mama Loisi, dada wa baba yao, alinyanyuka kwa taabu. Tope lilikuwa limemchukulia wajukuu wote. Alikuja mpaka alipo Damari, akaupokea ule unga, akauweka chini.

"Mwanangu, nimefikiri sana," akasema. "Kama ulifungua, umemuua mama yako. Kama hukufungua, umemuuza. Sasa nikupe mkeka gani?"

"Nipe wowote, shangazi. Nikae tu."

"Sina."

Akarudi kwenye nafasi yake. Zefania alikuwa mlangoni. Damari akamtazama, akisubiri labda atasema neno, hata la matusi. Zefania aliingia ndani akafunga mlango.

Damari aliketi chini kwenye udongo uliolowa, nje ya mikeka, mpaka nyimbo zilipokwisha. Kichwa chake hakikunyolewa. Alipojaribu kuitikia pambio moja ambalo mama yake alilipenda, waimbaji walinyamaza, wakasubiri amalize, ndipo wakaanzisha jingine.

Asubuhi gari la Mamlaka lilisimama nje ya chumba alichopewa mjini. Dereva, kijana mchangamfu wa mjini, alimfungulia mlango na kumpa pole ya msiba.

"Bosi Ndahani anakusalimu. Amesema usipande kituoni leo, tunaanzia milima ya kusini. Kule nako kuna kijiji kimegoma kushuka. Anasema wewe unajua kuongea nao."

Damari alisimama mlangoni. Mbele yake barabara ilikwenda moja kwa moja kwenye nchi bapa isiyo na mwisho, na kwenye nchi ile yote hakukuwa na nyumba ambayo angeweza kubisha hodi akakaribishwa. Akapanda.